Kinywaji Kilichofika Upesi

Chupa ya soda ilimfikia Phinées kabla hajaketi sawasawa. Ilikuwa imekwisha kufunguliwa na kufutwa, ikawekwa juu ya kisahani, na kando yake bilauri imefunikwa chini juu isiingie vumbi. Aliitazama kwa muda. Katika nyumba ile ya mtaa wa Kimemi, mjini Butembo, alimozaliwa na kukulia, mgeni hakupata kinywaji hivihivi. Mgeni hungoja. Husalimiwa, huulizwa habari za njia, kisha watu hunong'onezana nyuma ya pazia, mtu hutumwa dukani na chupa tupu mfukoni, duka la kwanza hukosa, la pili huwa limefungwa, na hata soda ifike mgeni amekwisha kusimulia maisha yake yote na ya jirani zake. Kungoja huko ndiko kukaribishwa kwenyewe. Leo soda ilikuwa imenunuliwa mapema, ikimngoja yeye.

"Kunywa, yaya," alisema Florentine, mke wa mdogo wake Manassé, akimwita kaka kama mumewe alivyomwita, huku akitabasamu.

Phinées alilijua tabasamu lile. Loo, nani angelijua kumshinda yeye? Alikuwa amelivaa miaka tisa nyuma ya kaunta, kwenye meli kubwa ya watalii yenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la Butembo, akiwamiminia vinywaji watu waliovaa kaptura. Lilikuwa tabasamu linaloanzia mashavuni na kuishia hapohapo, lisiwahi kupanda hadi machoni. Mkufunzi wao aliwaambia siku ya kwanza kwamba uso wa mhudumu ni sehemu ya kinywaji, na kinywaji hakirudishwi jikoni. Siku moja mzee mmoja wa Kijerumani alianguka karibu na bwawa la kuogelea, akafa palepale. Kipaza sauti kikataja neno la siri ambalo wafanyakazi peke yao walilielewa, na Phinées akaendelea kukata ndimu na kutania wateja, wala hapana abiria aliyegundua kitu. Jioni ile vinywaji vilitoka upesi kuliko siku zote. Ndivyo walivyofundishwa: palipo na jambo la kufichwa, bilauri ya mgeni isikae tupu.

Basi akaishika chupa, akanywa, akajua. Hakujua nini hasa, lakini alijua.

"Manassé yuko wapi?" akauliza.

"Utakula kwanza," alijibu baba mdogo Zorobabel kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuwa mdogo wa marehemu baba yao na shemasi wa kanisa, mtu wa maneno machache na koo la kukohoa sana. "Safari ya kutoka mpakani Kasindi hadi huku si mchezo. Kula, mwanangu."

Jibu lilikuwa lilelile la Beni. Phinées alikuwa ameingilia Uganda, akavuka mpaka, akafika Beni akitazamia kumkuta Manassé kwenye kituo cha magari, kwa maana Manassé ndiye aliyempokea kila alipokuja likizo, akimrukia mgongoni mbele za watu kama wangali watoto. Safari hii alikuja binamu yao Élysée, na alipoulizwa aliko Manassé akajibu kwamba kwanza wafike, wale. Élysée, ambaye tangu utotoni ulimi wake ulikuwa mzito, alisema njia nzima: bei ya kakao, joto la Beni, wanajeshi barabarani, daraja bovu. Aliongea kana kwamba amelipwa, na Phinées akamwacha aongee.

Akala. Samaki wa ziwa, mboga ya sombe, ugali wa muhogo, na kila sahani ilikuja kabla ya kuombwa. Alipoinua macho aliona kitenge cha Florentine kilikuwa kipya mno, kingali na mikunjo ya dukani, na kitambaa cha kichwani kimefungwa chini sana, hadi nyusi. Chini ya kitambaa kile hapakuonekana hata unywele mmoja; kichwa kilikuwa kimenyolewa, kama cha mjane. Ndipo alipoelewa, na akamalizia samaki wake, kwa sababu sahani ilikuwa mbele yake.

Kwao habari ya kifo haitumwi kwa simu kwa mtu aliye peke yake ugenini. Ni ukatili kumwua mtu kwa maneno mahali asipo na mkono wa kumshika. Hungojwa arudi, aketi, ale, maana mwenye tumbo tupu huangushwa na msiba. Kwa hiyo tangu msimu wa mavuno yaliyopita, kila alipopiga simu kutoka bandari moja hadi nyingine, aliambiwa kwamba Manassé yuko shamba Mbau, na kule mtandao hakuna. Phinées aliitikia, akatuma salamu. Hakuuliza mara ya pili. Kusema kweli aliogopa kuuliza.

Baba mdogo alikohoa, akavua kofia.

"Manassé hatuko naye tena. Bale batu ba porini balimukuta ndani ya shamba la kakao. Tulimuzika Beni, maana njia ilifungwa. Mungu ametoa, Mungu ametwaa."

Wote wakamtazama Phinées, na yeye akangoja pamoja nao aone kitakachomtoka. Hakikutoka kitu. Ndani yake palikuwa kimya kama sitaha ya meli asubuhi, viti vimepangwa na abiria wangali wamelala. Kisha akajisikia akisema, kwa sauti ile laini ya kazini, "Asante kwa kunijulisha."

Hata Élysée aliinamisha kichwa kwa aibu.

* * *

Sasa, jambo lenyewe lilikuwa hili. Katika ukoo wao, kilio cha mwanamume hufungwa na kaka yake mkubwa. Baba hayupo, basi kaka ndiye baba. Mpaka kaka asimame mbele ya ndugu na kulia kwa sauti, matanga hubaki wazi hata yakichukua mwaka, na mjane hukaa ndani ya hayo matanga kama mtu aliyefungiwa chumbani. Haendi sokoni. Haimbi kanisani. Tena hasemi neno la lawama juu ya mtu yeyote, maana maneno ya mjane matanga yakiwa wazi huhesabiwa kuwa laana, anayameza, anayaweka. Florentine alikuwa mchuuzi wa mawese mwenye sauti iliyojulikana soko zima. Sasa alikuwa ameketi juu ya mkeka miezi hiyo yote akimngoja shemeji yake aliyekuwa baharini akimimina vinywaji.

Na shemeji amefika, halii.

Wageni walianza kumiminika kutoka mitaa yote, kutoka kanisani na sokoni, waje wamwone kaka akilia na walie pamoja naye. Walimkuta amekauka kama kuni za mkaratusi. Siku ya kwanza walisema ni uchovu. Siku ya pili walisema ni mshtuko. Siku ya tatu hawakusema kitu, wakatazamana, na hapo ndipo Phinées alipofanya kosa lake. Aliona mwanamke mmoja mzee ameinua macho kidogo, akitafuta chai. Hakuna aliyemwona ila yeye, maana yeye aliishi kwa kuona macho ya namna hiyo. Kwenye kaunta ya meli hakuhudumiwa kwanza mwenye kelele. Alihudumiwa yule aliyejua kukutana na macho ya mhudumu, aliyesimama kwenye pembe ya kaunta anaporudi mhudumu kila mara, aliyejua anachotaka, na ambaye siku ya kwanza ya safari, kabla hajaonja tone, alikuwa ameacha noti chini ya kitambaa. Wajanja wote hutoa mwanzoni. Anayetoa mwishoni huwa ameshukuru tu. Anayetoa mwanzoni amenunua juma zima. Matabishi, yaani bahashishi za siku ya kwanza, ndiyo yaliyoezeka bati nyumba hii, na ndiyo yaliyonunua shamba la Mbau.

Akainuka. Akachukua vikombe vitano kwa mkono mmoja na birika kwa mkono wa pili, akapita kati ya waombolezaji kama upepo, huyu sukari, huyu bila sukari, bila kumwaga, bila kugusa goti la mtu, na uso ukitabasamu wenyewe. Kufumba na kufumbua watu wote walikuwa na chai. Hapana aliyeinywa.

Baba mdogo Zorobabel alimshika mkono akamtoa nje.

"Unafanya nini? Weye ni mwenye kilio, hapana mutumishi! Mwenye kilio anatumikiwa. Umewafukuza batu, unajua? Mutu akipewa chai na mufiwa, ni kuambiwa: kunywa, uende."

"Nisamehe, baba. Nilimwona yule mama ana kiu."

"Mais, lakini weye mwenyewe," mzee aliuliza, na sauti yake ikapungua ukali, "hapana kusikia kitu?"

Phinées alifikiri kabla ya kujibu, maana swali lilikuwa la haki.

"Hapana, baba. Bado."

Wakampeleka Beni kaburini, wakidhani labda udongo utafanya lisilofanywa na maneno. Élysée aliendesha. Kulikuwa na joto, pikipiki zikipita na magunia ya kakao, na kaburi lilikuwa katika safu ya makaburi yaliyofanana, msalaba wa mbao, jina lililoandikwa kwa rangi nyeupe na mkono wa mtu mwenye haraka. Phinées alisimama hapo akilisoma jina. Alijaribu kukumbuka uzito wa Manassé mgongoni mwake. Badala yake alikumbuka ujumbe.

Huo ndio uliokuwa kitu pekee kilichosogea ndani yake, na aliufunika kila ulipoinuka. Manassé alikuwa amemtumia sauti kwenye simu, ikamfikia jioni, saa ya msongamano, abiria wamejazana kaunta ya bwawani kwa safu nne. Alisikiliza kwa sikio moja, simu ikiwa nyuma ya sanduku la barafu. "Yaya, kule Mbau batu banaacha mashamba. Banasema bale bauaji bako karibu. Lakini kakao imeiva, itaoza. Niende nivune, ao niache? Sema weye, shamba ni lako." Bwana mmoja mwenye kofia ya majani alikuwa ameinua noti hewani akiipungia. Phinées akaandika kwa kidole gumba, *Vuna kwanza. Tutaongea.* Akaweka simu, akachukua noti, akatabasamu. Simu ya Manassé haikuonekana tena, waliichukua hao hao waliomwua. Ndivyo alivyosikia, na aliposikia hivyo, Mungu amsamehe, alipumua. Basi hakuna mwingine aliyelisoma jibu lake.

Alirudi Butembo na macho makavu vilevile.

* * *

Florentine ndiye aliyelimaliza jambo lile. Alimkuta nyuma ya jiko asubuhi moja, Butembo ikiwa bado imefunikwa na ukungu na baridi yake, akaketi kwenye kigoda akaanza kuchambua maharage. Hakuvaa tena kile kitenge cha kumdanganyia. Alikuwa amevaa nguo yake nyeusi iliyokwisha kupauka.

"Shemeji, nitakuomba kitu."

"Omba, mama Shalom."

"Lia."

Phinées akaokota harage lililoanguka.

"Ninaona machozi haiko," aliendelea, mikono ikichambua bila kukoma. "Sikulaumu. Mimi nililia yangu na ya batoto, hata ya mbuzi. Yalikwisha. Lakini nimechoka kukaa. Miguu inaniuma. Shalom amefukuzwa masomo, mawese yangu inauzwa na mwingine pahali pangu. Lia tu, hata ya uongo. Batu basikie. Baba Zorobabel afunge. Nitoke."

"Itakuwa kumdanganya Manassé."

"Manassé?" Florentine alicheka, kicheko kifupi kilichowashangaza wote wawili. "Manassé mwenyewe alijipaka kitunguu kwenye kilio cha mama yenu. Alikuwa analia huku ananuka mchuzi. Hukumbuki? Aa, hukuwepo."

Hukuwepo. Neno lilipita bila kumkwaruza. Alimtazama yule mwanamke, akaona jinsi alivyokonda, na mahali pa huruma palipotakiwa kuuma akasikia kitu kingine, kitu alichokizoea: mteja amesimama mbele yake, anajua anachotaka, amekisema waziwazi.

"Jumapili?" aliuliza. "Baada ya ibada?"

"Jumapili," alisema Florentine, akamshukuru kwa lugha ya kwao: "Wasingya."

Na kweli, Jumapili Phinées alilia. Jamani, alilia! Ndugu walikuwa wamejaa ua mzima, wazee mbele, akina mama wa kanisa pembeni. Alisimama katikati, akashusha kidevu kwanza, kisha mabega, akaiachia pumzi ikatike mara mbili kabla ya kuipa sauti, maana alijua kwamba watu huamini zaidi kile unachoonekana kukizuia. Kisha akalipaza jina. "Manassé weee! Ndugu yangu weee! Umeniacha na nani?" Magoti yakakunjika kwa wakati wake. Hata machozi yalikuja, kwani macho nayo ni watumishi, ukiyaamuru sana hutii. Akina mama wakapokea kilio wakakipandisha. Élysée alilia kama ndama, naye hakuwa akiigiza. Wazee walijifuta kwa kofia zao. Watu walimshika Phinées mikono pande zote mbili, wakisema, "Ndiyo, baba, toa, toa yote." Yeye, ndani kabisa, alikuwa akiangalia kama kila mtu amepata.

Baba mdogo Zorobabel akaomba dua ndefu, akafunga matanga. Florentine akaoshwa kichwa, akavuliwa nyeusi. Watu walikunywa soda wakacheka kidogo, kama inavyoruhusiwa. Wengi waliondoka wakisema kwamba kweli damu nzito kuliko maji, hata maji ya bahari. Phinées aliketi akatumikiwa, na chai yake ilichelewa sana.

* * *

Jumatatu Florentine aliamka kwenda sokoni. Phinées alimkuta uani akipanga madumu ya mawese ndani ya beseni, kitambaa cha rangi kichwani, khanga imekazwa kiunoni. Alikuwa na haraka njema, ile ya mtu anayerudi kazini.

"Nikusaidie?" aliuliza.

"Subiri kwanza." Akaweka dumu la mwisho, akajifuta mikono, akasimama wima mbele yake. "Sasa kinywa changu kimefunguliwa. Jana umekifungua weye mwenyewe. Donc, basi, nitakuuliza neno moja, halafu nitanyamaza, maana mimi si mutu wa kulaumu mpaka kaburini."

"Uliza."

"Ile siku, Manassé alikuwa hapa, hapa uani. Alikuwa amesema haendi. Alivua hata buti. Ujumbe wako ukaingia, akanionyesha. Akasema, ona, yaya amesema nivune kwanza. Akavaa buti. Nimeuweka miezi yote ile. Sikusema kwa baba Zorobabel, sikusema kwa mutu. Ninataka kujua tu. Ulikuwa na haraka gani?"

Phinées alisikia uso wake ukijitayarisha. Mashavu yalianza kupanda, ulimi ukachagua maneno laini ya kumtuliza mteja mwenye malalamiko, maneno ambayo hayakubali wala hayakatai. Yalikuwa tayari yote. Alimtazama Florentine, akayaacha.

"Watu walikuwa wanangoja kinywaji," akasema.

Florentine hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa polepole, akiligeuza lile jibu ndani yake kama anavyoonja mawese ya mtu asiyemfahamu.

"Na walipata?"

"Walipata."

Aliinama akaweka kata kichwani. Akalishika beseni kwa mikono miwili, akalipandisha mwenyewe, shingo ikatikisika kisha ikatulia. Alipofika langoni alianza kuita majina ya wachuuzi wenzake barabarani, sauti yake ikiwa imepasuka kwa kukaa bila kutumiwa.

Phinées alibaki uani. Chini ya mbavu, upande wa kushoto, kitu kilikuwa kimeanza kumuuma, kidogo tu, kama mwiba uliovunjikia ndani. Alisimama tuli, hakuthubutu hata kuvuta pumzi kwa nguvu, akiogopa kwamba kitaondoka.